Kutoka 1936 hadi Chama: historia ya waliohamia kwa mtani

Hapa Mawaleh tuko salama, joto ndilo linalotutesa, ila mwaka wa kwanza ndio mgumu, baadaye mwili unazoea.

Leo sitaandika habari za wodi wala bei ya nyumba. Leo ni mpira. Mnajua wenyewe kinachoendelea kwenye kundi letu la ukoo. Tangu Julai 2024 Mjomba hajamsamehe Chama, na kila dirisha la usajili likifunguliwa anakumbushia, binamu zangu wa Yanga wanamjibu kwa vicheko, Mama anaingilia kati, halafu siku mbili watu hawasalimiani. Mwezi uliopita Mjomba ametoka kabisa kwenye kundi. Mtu mzima, babu wa wajukuu sita! Na mmeniandikia watu watatu, kila mmoja kwa siri, mkitaka niseme nani mwenye haki, eti kwa sababu niko mbali sina upande. Basi nimekaa siku yangu ya mapumziko nikaandika tulivyofika hapa. Chama si wa kwanza, wala si wa kumi.

Tuanze na lile ambalo Mjomba hapendi kulisikia. Simba yenyewe ilizaliwa kwa watu kuhama. Yanga ilianzishwa 1935, na mwaka uliofuata, 1936, sehemu ya wanachama wakajitenga wakaunda timu yao. Ndiyo hiyo iliyoitwa Queens, halafu Eagles, halafu Sunderland, na mwaka 1971 ikaitwa Simba. Kwa hiyo anayesema kuhama ni dhambi isiyofutika, aanze kuwashtaki wazee waliotoka 1936. Ndiyo maana tunaitwa watani wa jadi: ni ndugu waliogawana nyumba, na ugomvi wa ndugu mnaujua unavyokuwa.

Halafu kuna miaka ya sabini. Hapa Yanga nao watulie wasikilize. Katikati ya miaka hiyo klabu ya Jangwani iliingia kwenye mgogoro mkubwa, wanachama wakagawanyika Yanga Kandambili na Yanga Raizoni (vijana, raizoni ni vile viatu vya soli ndefu vya enzi hizo, muulizeni Baba, ana picha). Mwisho wake kundi kubwa la wachezaji nyota likaondoka, na kutokana na mgogoro huo ikazaliwa Pan African. Sio jambo dogo. Pan African ikaja kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara 1982. Na Yanga waliobaki, mnajua yaliyowakuta tarehe 19 Julai 1977: Simba 6, Yanga 0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Wengi wanaielezea siku ile kwa mgogoro ule, na mimi nakubaliana nao. Timu iliyopoteza kizazi kizima haiwezi kusimama baada ya mwaka mmoja.

Ninachotaka mkione ni kwamba wachezaji wale wa sabini hawakuitwa wasaliti kwa sauti kama ya leo. Kulikuwa na matusi, ndiyo, na ndoa nadhani ziliyumba, lakini mpira ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji alikuwa na kazi bandarini au kwenye shirika la umma, mpira ulimpa jina na chakula kidogo. Aliyehama hakuhamia kwenye fedha. Wengine waliotaka fedha walikuja huku Uarabuni! Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, alitoka Yanga akapitia mgogoro huo, akafika Uholanzi kuchezea Heracles, na baadaye Dubai. Wazee wa Kizanzibari wa hapa Muscat bado wanayataja majina ya wachezaji wetu wa enzi hizo. Wakati soko kuu la matunda na mboga lilipokuwa hapahapa Mawaleh, kabla halijahamishiwa Khazaen mwaka 2024, ungeweza kwenda kununua muhogo na embe ukasimamishwa nusu saa na mzee anayetaka kujua Kibadeni yuko wapi siku hizi.

Sasa twende kwenye zama za fedha, maana hapo ndipo moto ulipowaka.

Mwaka 2012 nauita mwaka wa karatasi. Tarehe 6 Mei Simba wanawafunga Yanga 5-0, Okwi akifunga mawili. Yanga wakaondoka uwanjani wakiwa wamevunjika, na uongozi ukaamua kwamba njia ya haraka ya kupona ni kumchukulia mtani vitu vyake. Wa kwanza alikuwa Kelvin Yondani, beki wa Simba. Yanga wakatangaza amemwaga wino, Simba wakasema haiwezekani, ameshaongeza mkataba kwetu. Malumbano yakaenda mpaka TFF, na mwisho Yondani akabaki Jangwani. Julai hiyo hiyo Yanga wakachukua Kombe la Kagame, na Yondani akakaa nao miaka minane. Leo ukimuuliza kijana wa miaka ishirini atakwambia Yondani ni Yanga, hajui kama aliwahi kuvaa nyekundu.

Lakini Yondani alikuwa kionjo tu. Pilau lenyewe ni Mbuyu Twite. Twite alikuwa beki wa APR ya Rwanda, mzaliwa wa Kongo. Mwenyekiti wa Simba wakati ule, Ismail Aden Rage, alisafiri mwenyewe mpaka Kigali, wakakubaliana, zikatoka picha akiwa na mchezaji na jezi ya Simba. Mitaani Msimbazi ikawa sherehe. Siku chache baadaye ikasikika kwamba Yanga nao wamefika Kigali, wakazungumza na APR, na Twite sasa ni wao. Watu wakadhani ni porojo. Si porojo. Jamaa akatua uwanja wa ndege Dar, Yanga wamejazana, akavishwa jezi ya kijani na njano, namba 4, na mgongoni imeandikwa RAGE. Jina la mwenyekiti wa Simba! Nilicheka mpaka machozi, na mimi mnajua nyumbani kwetu sisi ni Coastal Union kwanza (bingwa wa Bara 1988, msisahau), hayo mengine ni majirani.

Mjomba hakucheka. Nakumbuka alikaa barazani bila kula. Na kwa hili la Twite mimi niko upande wa Mjomba. Ukishika jezi ya mtu, ukapiga picha, ukachukua fedha yake, halafu kesho yake ukaenda kwa jirani, hapo huwezi kusema ni kazi tu. Fedha kurudishwa baadaye hakufuti kitu. Sisemi Twite hakuwa mchezaji mzuri, alikuwa mzuri sana na alidumu miaka. Nasema tu kwamba hasira ya siku ile ilikuwa na msingi.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Okwi, na hili ni tofauti kabisa ingawa wengi wanalitia kapu moja. Januari 2013 Simba walimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Fedha haikulipwa. Okwi naye akagombana na Watunisia akidai hakulipwa stahili zake, akarudi kwao Uganda, FIFA wakamruhusu achezee SC Villa kwa muda ili kipaji chake kisiharibike. Desemba 2013 Yanga wakamtangaza. Hebu fikirieni: mtu aliyewafunga mawili kwenye zile tano, miezi kumi na tisa baadaye anavaa jezi yao, na klabu iliyomuuza haijapata hata senti! TFF wakamsimamisha kwanza wakiomba ufafanuzi FIFA, kisha akaruhusiwa. Halafu Agosti 2014, hata mwaka haujaisha, Okwi huyo akarudi Simba, akapokelewa kama mwana mpotevu. Waliomtukana ndio waliombeba mabegani. Mjomba alikuwepo, msimfiche.

2017 ni Haruna Niyonzima, nahodha wa Rwanda, miaka sita Yanga, fundi kwelikweli. Mkataba ukaisha, mazungumzo hayakuelewana, akaenda Simba. Kuna mashabiki wa Yanga waliokusanyika wakachoma moto jezi yenye jina lake. Msimu huohuo Ibrahim Ajibu akatoka Simba kwenda Yanga, kwa hiyo walibadilishana kama majirani wanavyobadilishana chumvi na sukari. Na Niyonzima naye? Kwenye dirisha dogo la msimu wa 2019/20 akarudi Yanga. Jezi zilizochomwa zilishakuwa majivu, wenye nazo walinunua mpya.

Msidhani ni ushamba wetu Waswahili. Wahispania walimrushia Luís Figo kichwa cha nguruwe uwanjani Barcelona, Novemba 2002, kwa sababu alikwenda Real Madrid miaka miwili nyuma. Waingereza hawajamsamehe Sol Campbell aliyetoka Tottenham kwenda Arsenal 2001, bure, mkataba umeisha. Wamarekani wao wanaanza mapema zaidi: kijana wa sekondari anayecheza mpira wa kikapu anawekewa kofia za vyuo mezani, kamera zimewashwa, anachagua moja na kuivaa, na watu wazima wenye ndevu wanamtukana mtoto wa miaka kumi na saba kwa sababu amechagua chuo cha jirani. LeBron James alitangaza kwenye televisheni mwaka 2010 kwamba anaondoka Cleveland, wakachoma jezi zake. Akarudi 2014, akawapa ubingwa 2016. Huyo ni Niyonzima wao.

Sasa Morrison. Hapa naomba mnivumilie, maana kisa hiki kilinigusa kwa sababu zisizo za mpira.

Bernard Morrison, Mghana, alijiunga na Yanga Januari 2020 kwa mkataba mfupi wa nusu msimu. Tarehe 8 Machi akapiga ile faulo, Yanga 1 Simba 0, uwanja mzima ukamwimba. Wiki iliyofuata korona ikasimamisha ligi. Ligi iliporudi, Yanga wakasema tayari ameongeza miaka miwili. Morrison akasema hapana, mkataba huo siutambui, sahihi hiyo si yangu. Julai 12, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba 4 Yanga 1, akatolewa nje akaondoka zake bila hata kukaa benchi. Agosti, Simba wakamtangaza ni wao. Kamati ya TFF ikakaa siku tatu, mashabiki wamejaa nje ya ofisi pale Karume wakisubiri kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi, na tarehe 12 Agosti ikaamua kwamba mkataba wa Yanga una kasoro, mchezaji yuko huru. Yanga wakaenda mpaka mahakama ya michezo ya CAS, Uswisi. Novemba 2021 wakashindwa huko pia.

Usiku ule wa kusubiri uamuzi, huku wodini tulikuwa na wagonjwa wa korona, tunavua na kuvaa magauni ya kujikinga mpaka ngozi inachubuka, na wakati wa chai tukawa Watanzania wawili na Mkenya mmoja tunabishana habari za sahihi. Tuliijua lugha ile. Mwenzetu mmoja alikuwa amesaini mkataba Dar kwa wakala, akafika hapa akakuta mwingine wenye mshahara mdogo na masaa mengi. Alipouliza akaambiwa huu ndio unaotambulika.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kwa miaka mingi hapa Oman mfanyakazi mgeni hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya yule wa kwanza kusema hana pingamizi. Tangu 2014, ukiondoka bila barua hiyo, unakaa nje ya nchi miaka miwili kabla ya kurudi kufanya kazi. Mkataba wako umeisha, umefanya kila ulichoambiwa, lakini bila karatasi hiyo huendi popote. Katikati ya 2020 serikali ikatangaza kwamba sharti hilo litaondolewa, na tarehe 1 Januari 2021 likaondoka kweli: mkataba ukiisha unaonyesha umeisha, unahamia kwa mwajiri mpya. Sitasahau siku hiyo. Kuna dada wa Kihindi wa wodi ya pili aliyenunua keki.

Mpira ulikuwa hivyohivyo. Mbelgiji Jean-Marc Bosman alimaliza mkataba RFC Liège mwaka 1990, akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, klabu yake ikamzuia mpaka ilipwe. Mkataba umekwisha, lakini bado ni mali yao! Akashtaki, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mkataba ukiisha mchezaji wa huko ni huru. Yeye mwenyewe ujana wake uliishia kwenye kesi, waliofaidi ni waliomfuata. Kila mnaposikia "mchezaji huru" kwenye dirisha la usajili, mjue jina la huyo Mbelgiji liko nyuma yake.

Sasa Mjomba wangu, najua utasomewa hii na Zawadi hata kama umetoka kwenye kundi, tuje kwa Chama.

Clatous Chama alifika Simba 2018. Tarehe 16 Machi 2019 alifunga lile bao la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita lililoipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Nakumbuka ulinipigia simu unalia, mimi niko zamu, nikadhani kuna msiba. Alikuwemo kwenye ubingwa wa misimu mitatu mfululizo. Agosti 2021 Simba wakamuuza RS Berkane ya Morocco, na hapo hakuna aliyemwita msaliti kwa sababu klabu ndiyo iliyopokea hela. Januari 2022 akarudi. Mkataba ukaisha Juni 2024, na tarehe 1 Julai Yanga wakamtangaza.

Linganisha na Twite. Chama hakushika jezi mbili. Hakukana sahihi. Alimaliza kazi aliyosaini, siku ya mwisho ikapita, akaenda aliko mwajiri mpya. Simba kama walimtaka walikuwa na miaka miwili na nusu ya kumwekea karatasi mezani. Kama hawakuweka, au waliweka ndogo, hilo waulizwe wao.

Najua utakachosema: mapenzi hayaandikwi kwenye mkataba. Ni kweli Mjomba, na silidharau hilo. Wewe hukulipwa hata shilingi kwa miaka hamsini ya kwenda uwanjani, na mchezaji analipwa kwa sababu watu kama wewe wanakwenda. Ndiyo maana inauma. Lakini na mimi niliambiwa maneno hayohayo nilipoondoka. Kwamba serikali imenisomesha, hospitali za wilaya hazina wauguzi, na mimi nakwenda kuwahudumia Waarabu. Msemaji mmojawapo unamjua, tulikuwa mezani kwako Idi ile. Mkopo wa Bodi ninaulipa kutoka hapahapa Mawaleh, kila mwezi. Na nilimaliza mkataba wangu kule siku ya mwisho kabisa, zamu ya usiku, nikakabidhi wagonjwa kitanda kwa kitanda.

Kwa hiyo mnaponiuliza kama nina upande, ninao. Mkataba ukiisha, mtu aachwe aende.

Fei Toto nimemwacha makusudi maana hakuhamia kwa mtani, alikwenda Azam, lakini Wazanzibari wa hapa watanigombeza nisipomtaja. Mwaka 2018 akitokea JKU alitambulishwa Singida United, na siku hiyohiyo akatambulishwa Yanga. Desemba 2022 yeye ndiye aliyetaka kuondoka kabla ya mkataba kuisha, akaweka Sh 112 milioni kwenye akaunti ya klabu akisema ndiyo gharama ya kuuvunja. Yanga wakakataa, TFF wakasema bado ni mali ya Yanga, kijana akakaa nusu mwaka bila kucheza, ugali na sukari ukawa utani wa nchi nzima. Juni 2023 Rais Samia akawaambia Yanga walimalize suala hilo, na siku chache baadaye Azam wakamtangaza. Hapo sheria ilikuwa upande wa Yanga na huruma ya watu upande wa kijana. Baraza la hapa lilishindwa kuamua na kahawa ikaisha.

Mengine ya haraka, maana wengine watayaleta kwenye maoni. Haji Manara, mtoto wa yule Sunday Manara wa Yanga, alikuwa msemaji wa Simba kwa miaka, akawatukana Yanga kila wiki, na Agosti 2021 akatambulishwa Yanga. Morrison aliyewapeleka Yanga mpaka Uswisi alirudi Yanga Julai 2022, wakampokea kwa vigelegele. Na Chama mwenyewe alidumu Jangwani msimu mmoja tu, mara nyingi akitokea benchi, kisha akaenda Singida Black Stars.

Zawadi, mrudishe Mjomba kwenye kundi. Mwambie sijamtania popote isipokuwa pale pa Okwi, na hapo kuna picha. Mwezi ujao nitaandika jinsi ya kupata leseni ya uuguzi hapa Oman, wengi mmeuliza. Wasalimieni Bibi na wote wa Ngamiani.